Bibi Milembe Alivyowavusha kwa Mkia wa Ng'ombe

Ukimwona bibi yangu Milembe pale sokoni Bariadi, kakaa nyuma ya mafungu yake ya dengu na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kajifunga kitenge, kimya, unaweza ukadhani huyu mama maisha yake yote hajawahi kufika mbali kuliko stendi. Thubutu! Huyu bibi katembea kwa miguu kutoka Bariadi mpaka Shinyanga mjini. Kwa miguu, nasema. Mvua inamnyeshea, shanta mgongoni, ana miaka kumi na saba. Na katikati ya safari akavuka mto uliojaa huku kashika mkia wa ng'ombe, na nyuma yake vijana kumi na tatu, akiwemo kiongozi wao ambaye dakika chache kabla alikuwa ameshamwambia apande lori arudi kwao. Hii stori nimeisikia mara mia, na kila nikiisikia nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu nikimaliza kucheka najiona mrefu kama mnara wa simu.

Ilikuwa mwaka sitini na saba, mwezi wa tatu. Azimio la Arusha limetoka mwezi wa pili tu, yaani bado la moto, na vijana nchi nzima wanatembea kuliunga mkono. Leo unasikia kundi limetoka huku, kesho lingine kule. Vijana wa Bariadi wakasema hata sisi hatubaki nyuma. Wakaandika barua yao ya kuunga mkono, wakapanga waipeleke wenyewe kwa miguu mpaka Shinyanga, maana enzi hizo mambo yote ya mkoa yalikuwa kule. Sheria ikawa moja tu: anayefika kwa miguu yake anaandikwa. Ukipanda lori, ukipanda baiskeli, ukibebwa hata mgongoni mwa mtu, jina linafutwa.

Walikuwa kumi na wanne. Wasichana wawili tu, bibi na rafiki yake Apolonia, binti wa katekista. Kiongozi alikuwa Januarius, kijana aliyesoma middle school, ana kalamu mfuko wa shati, anaongea Kiswahili cha ofisini hata akiwa anaomba maji ya kunywa. Halafu kulikuwa na Salimu, mtoto wa mwenye duka pale mjini, ambaye bibi akimtaja tu anaanza kucheka kabla hajasema kitu.

Sasa kwa nini bibi alikuwa anaitaka hii safari kama roho yake? Ni hivi. Baba yake, mzee Mashimba, alizaa mabinti saba, hakuna mvulana hata mmoja, na ana ng'ombe. Nani achunge? Milembe. Tangu ana miaka minane anaamka na fimbo, anakwenda na ng'ombe mbugani, wenzake wanabaki na mama zao kutwanga. Kijijini walimcheka sana. "Ng'wana Mashimba, utaolewa na ndama wewe!" Ananuka ng'ombe, ana miguu ya kiume, sijui nini. Basi aliposema anakwenda Shinyanga na vijana, ndo wakapata pa kuchekea vizuri. Kisimani wakamwambia, "Huyo hamalizi siku tatu. Tutamwona anashushwa hapa na lori kama gunia la chumvi."

Mzee Mashimba alimtazama binti yake, akamwambia, "Ukienda, fika."

Basi.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Jua, nyimbo, watu wanatoka nje kuwapigia vigelegele, wakalala Lagangabilili kwenye darasa la shule. Mashanta yao walikuwa wameyashona wenyewe kwa kitambaa cha amerikani, kwa cherehani ya dukani kwa kina Salimu, meupeee, yamepangana mgongoni kama mayai. Bibi anasema walipendeza mpaka wakawa wanageuka kujitazama vivuli.

Amerikani bwana. Hakuna aliyewaza kwamba amerikani na mvua haziivi chungu kimoja.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, mbingu ikafunga. Mvua ya Usukumani mwezi wa tatu haikuulizi. Ilikuja ya kusimama, matone kama mbegu za mahindi, na udongo wa kule ni ule mweusi wa mbugani, ukilowa unakamata mguu kama una deni na wewe. Hatua moja unanyanyua kilo mbili za tope. Salimu alikuwa na raba mpya, nyeupe, kaletewa na mjomba wake kutoka Mwanza. Raba ya kushoto ikaingia kwenye tope, mguu ukatoka peke yake.

"Jamani, ngojeni! Kiatu changu!"

"Kimekwenda kuzikwa hicho," bibi akamwambia. "Soma Fatiha tuondoke."

Salimu akachimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, hakukipata. Akavua na cha kulia, akakifunga shingoni kwa kamba zake, akatembea nacho hivyo siku nzima kama hirizi.

Na yale mashanta sasa! Yalikunywa maji yakawa mazito kama mtoto aliyelala. Mbaya zaidi shanta la Anatoli, kijana mmoja mpole aliyepewa kubeba unga wa kundi zima. Mvua ikaingia kwenye unga, joto la mgongo likafanya kazi yake, tope jeupe likaanza kumchuruzika Anatoli mpaka kwenye kaptura. Apolonia aliyekuwa nyuma yake akasema, "Anatoli, usisimame karibu na moto, tutakula ugali mgongoni kwako." Wakacheka, mvua inawapiga usoni, wakacheka. Hapo bado walikuwa wanacheka.

Saa nane hivi wakafika mtoni.

Bibi huwa hataki kuuita mto. Anasema ni kamto tu, miezi minane kwenye mwaka watoto wanacheza mchanga ndani yake, na barabara inashuka inapita humo humo, hakuna daraja. Ila siku hiyo kamto kalikuwa kamekosa adabu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi, yanabeba mabua ya watu, yananguruma. Kutoka ukingo huu mpaka ule kama uwanja wa mpira ukiukata kwa upana.

Na hapo ukingoni kulikuwa na lori. Dereva alikuwa na chumvi na mafuta ya taa anapeleka upande wa Maswa, kaona maji, kageuza anarudi Bariadi. Akawaona wale watoto waliolowa kama vifaranga, akawahurumia. "Nina nafasi nyuma," akasema. "Nani anapanda? Mimi nikimaliza sigara hii naondoka, barabara inaharibika."

Januarius akatazama mto, akatazama kundi, halafu macho yake yakatua kwa wale wasichana wawili. Si unajua ile sura ya mtu ameshaamua, anatafuta tu maneno mazuri?

"Ndugu Milembe, ndugu Apolonia," akasema, "mmefanya kazi nzuri. Mpaka hapa mmetuwakilisha. Sisi wavulana tutasubiri maji yapungue, pengine tutalala hapa porini. Hali hii siyo ya wasichana. Pandeni lori."

Apolonia akaanza kulia. Bibi hakulia. Anasema alichosikia masikioni ni kisima kizima kinacheka. Shinyanga aliyoisogelea kwa miguu yake siku mbili ilikuwa inageuzwa kuwa gunia la chumvi, na jina lake lilikuwa kwenye lile daftari mkononi mwa Januarius, na kalamu ilishatoka mfukoni.

"Mimi siendi," akasema.

"Ni amri ya kiongozi."

"Kiongozi anavusha watu. Wewe umetuvusha wapi?"

Wavulana wakaguna, "Eeeh!" Dereva kule kwenye lori akacheka na moshi wake. Januarius akakasirika. "Basi tuvushe wewe! Una mtumbwi?"

Ndipo bibi akasikia ng'ombe.

Ng'ambo ya mto, kwenye boma juu ya kilima, ndama walikuwa wanalia. Halafu upande huu, chini kidogo nyuma ya vichaka, ng'ombe wakubwa wakaitika. Kwa mtu mwingine hizo ni kelele tu. Kwa mtoto wa mzee Mashimba ile ilikuwa habari kamili: kundi limetoka kuchunga, limekatwa na maji, kwao ni ng'ambo, na maziwa yamejaa, kwa hiyo mama wanataka kwenda nyumbani kuliko mtu yeyote aliyesimama pale.

"Mwambie dereva avute sigara polepole," akamwambia Apolonia, akashuka mbio kwenye vichaka.

Mchungaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, anaitwa Malimi, kajifunika gunia kichwani, kachukia mvua, kachukia mto, kachukia na hao wageni. Januarius aliyekuwa amemfuata bibi kwa nyuma akamtangulia kuongea. Akasimama wima. "Ndugu mwananchi! Sisi ni vijana wa matembezi ya kuunga mkono Azimio. Tunaomba ushirikiano wako!"

Malimi akamtazama kuanzia kalamu mpaka magoti. Akatema mate pembeni. "Ng'ombe wangu hawajasikia hilo Azimio," akasema, akageukia ng'ombe wake.

Bibi akasogea. Akapiga magoti kwenye tope, kama binti wa Kisukuma anavyomsalimia mkubwa, mvua inamwagika juu yake. "Mwadila, baba."

Malimi akageuka. "Mwadila."

"Mhola?" akamjulia hali.

"Mhola duhu. We ni wa nani?"

"Ng'wana Mashimba, wa kule Bariadi."

"Mashimba yupi? Yule wa mabinti?"

"Huyo huyo."

"Aaa!" Malimi akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe ndo yule binti anayechunga? Nimekusikia mnadani." Ona maajabu: kile walichomchekea kisimani, mnadani kilikuwa sifa.

Wakaongea Kisukuma haraka haraka. Kumbe Malimi naye alikuwa na shida yake. Alikuwa anataka kuvusha ng'ombe, ila kuvusha ni kazi ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kuswaga, na mdogo wake aliyezoea kwenda mbele alikuwa ng'ambo na ndama. Bibi akasema mbele nitakwenda mimi, na hawa wenzangu kila mmoja atashika mkia wake. Kwetu hii siyo sarakasi. Wachungaji wanavuka hivyo miaka yote. Ng'ombe anaogelea vizuri kuliko mtu, wewe unashika mkia, unalegeza mwili, unanyamaza.

Malimi akakubali. Lakini Januarius sasa, kiongozi! Hakuweza kuvumilia msichana atangulie. "Mbele ni nafasi ya kiongozi," akasema. "Nitatangulia mimi." Akatazama lile kundi, ng'ombe kama ishirini, akachagua anayemfaa mtu wa cheo chake. Kulikuwa na nzagamba mle, dume kubwa jeusi, nundu kama mlima, shingo nene. Akaenda akamshika huyo mkia.

"Kaka Januarius, siyo huyo," bibi akasema.

"Huyu ndiye mwenye nguvu."

Bibi akamtazama Malimi. Malimi akapandisha mabega. "Mwache," akasema kwa Kisukuma. "Shule nyingine iko majini."

Nzagamba akaingia. Kwa kweli aliingia kwa heshima, kifua mbele, maji yanapasuka, Januarius nyuma kanyoosha shingo kama yuko kwenye gwaride. Maji yakafika tumboni. Nzagamba akasimama. Akageuza kichwa taratibu kuangalia wake zake wako wapi. Wako ukingoni, hakuna hata mmoja aliyesogea. Sasa dume kwenda ng'ambo peke yake anafuata nini? Akageuka mzima mzima, akarudi mbio, akapanda ukingo, na Januarius bado kashika mkia, hakuachia, akaburutwa kwa tumbo kwenye tope mpaka karibu na miguu ya dereva wa lori.

Dereva akamtazama pale chini. "Vipi, bwana mkubwa," akamuuliza, "umeshafika Shinyanga?"

Jamani. Bibi anasema Salimu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini bibi mwenyewe hakucheka, maana dereva alikuwa amebakiza kipisi kidogo cha sigara na alishafungua mlango. Akatembea katikati ya ng'ombe akiwatazama mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta mbogoma, ng'ombe jike aliyezaa, na siyo mbogoma yeyote. Akasubiri ndama walie kule kilimani. Walipolia, ng'ombe watatu wanne wakaitika, lakini mmoja, kijivu, mzee, sikio moja limechanika, chuchu zinadondosha maziwa, yeye alikuwa haitiki tu, alikuwa anatembea. Alikuwa ameshasogea majini peke yake, kwato ndani, anasubiri mtu amwambie ndiyo.

"Huyu," bibi akasema.

"Huyo," Malimi akakubali.

Bibi akajifunga khanga kiunoni, shanta akalikaza juu mabegani, akashika mkia. Halafu akafanya kitu kilichomfanya Apolonia ashike mdomo. Alipiga mluzi. Ule mluzi mrefu wa wachungaji, unaopanda halafu unakatika. Enzi hizo msichana kupiga mluzi mbele za watu ilikuwa aibu kubwa, mama yako anaweza akakuchapa.

"Milembe! Wavulana wanakuona!"

"Waache waone, we shika mkia!"

Mbogoma akaingia. Maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua, halafu mchanga ukaisha chini ya miguu. Bibi akakaza mikono kwenye mkia. Mto ukamvuta kwa pembeni, khanga ikataka kwenda zake, tawi likampiga begani, na mbele yake anaona kichwa tu na pembe mbili zinakata maji, zinakwenda, hazibishani na mtu. Akapiga mluzi tena, maji yakamwingia mdomoni, akatema, akapiga tena. Na nyuma akasikia: chubwi. Chubwi, chubwi, chubwi. Ng'ombe wote wanaingia. Hata nzagamba! Wake zake wameondoka, atabaki kufanya nini?

Wavulana wakawa wanarukia mikia kama watu wanaogombania basi. Anatoli na unga wake. Apolonia anasali Salamu Maria kwa sauti ya kuwashinda ng'ombe. Salimu kafumba macho, "Bismillahi, bismillahi," kiatu kinaning'inia shingoni, na katikati ya maji ng'ombe wake akanyanyua mkia akafanya haja yake yote, ya moto, usoni.

"Amenijibu!" Salimu akapiga kelele. "Jamani ng'ombe amenijibu!"

"Usiachie!" wote wakamwambia. Hakuachia, Mungu ampe umri.

Na Januarius? Alivuka. Alishika mkia wa mtamba mmoja mdogo wa mwisho kabisa, karibu na Malimi, ile barua kaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo kalifunga kichwani kwa mkanda wa suruali. Lile kopo ndo kitu pekee kikavu kilichotoka kwenye mto ule, kwa hiyo tumpe haki yake.

Mbogoma alipokanyaga mchanga wa ng'ambo bibi aliachia mkia, akaanguka kwa magoti, akageuka kuhesabu vichwa. Kumi na tatu. Akahesabu tena. Kumi na tatu, na yeye kumi na nne. Kule ng'ambo dereva wa lori alikuwa juu ya boneti, kasimama, anapiga makofi kwenye mvua. Lori lake likarudi Bariadi na chumvi yake na mafuta yake tu.

Usiku walilala kwa Malimi. Ule unga wa Anatoli walipika hivyo hivyo ulivyokuwa, ugali mchachu kidogo, wakala kwa maziwa ya yule yule kijivu mwenye sikio la kuchanika. Januarius hakuomba msamaha, bibi anasema, wanaume wa siku zile walikuwa hawajafundishwa. Ila alitoa daftari, akakausha kurasa juu ya moto moja moja, na alipofika kwenye jina la Milembe lilikuwa limefifia kwa maji, akalikoleza kwa kalamu mara mbili.

Shinyanga walifika siku ya sita. Kumi na wanne, kwa miguu, wote wakaandikwa. Lakini ukimuuliza bibi ni siku gani alijisikia mtu, atakwambia siku ya nne, porini, hata hakukuwa na watu wa kushangilia. Walikuta kamto kengine. Kadogo, ila kanakwenda kasi. Kundi zima likasimama. Januarius akatembea mpaka ukingoni, akatazama maji muda mrefu, mkono kiunoni, kalamu mfukoni. Halafu akageuka, akawapita wavulana wote mmoja mmoja kwa macho mpaka akamfikia yeye, nyuma kabisa.

"Milembe," akasema. Siyo ndugu Milembe, wala siyo binti. "Hapa tunapitaje?"

Bibi akaja mbele. Akatupa kijiti, akakitazama kinavyochukuliwa. Akaingia mpaka magotini, akapapasa chini kwa vidole vya miguu, akatoka.

"Mchanga mgumu," akasema. "Vueni viatu, shikaneni mikono, tunapita."

Na Januarius akawa wa kwanza kuinama kufungua kamba.